Nduna Songea Mbano, Jemadari Aliyekataa Kubaki Peke Yake

Mkazi wa Nalasi, wilayani Tunduru, anapofuata huduma za Serikali makao makuu ya mkoa, huingia katika mji unaobeba jina la mtu aliyenyongwa hapo miaka zaidi ya mia moja iliyopita. Jina hilo hutamkwa kila siku, lakini maisha ya mwenyewe hayajulikani kwa kiwango hicho.

Songea Luwafu Mbano hakuwa mfalme. Alikuwa nduna, yaani jemadari na mtawala wa eneo, chini ya Nkosi Mputa Gama wa Njelu, mojawapo ya dola mbili za Wangoni. Nyingine ilikuwa Mshope ya Nkosi Chabruma. Hata hivyo, mwaka 1897 Wajerumani walipoamua kujenga boma katika Ungoni, walilijenga jirani na himaya yake, na kituo kikaitwa kwa jina lake. Hiyo ni dalili ya uzito aliokuwa nao. Kodi, kazi za shuruti na kuvunjwa kwa mamlaka ya watawala wa jadi vilifuata.

Vita vya Majimaji vilizuka Umatumbi mwezi Julai 1905. Kinjikitile Ngwale, aliyehubiri nguvu ya maji, alinyongwa Agosti mwaka huohuo, lakini dawa ilikuwa imeshasambaa. Ungoni ililetwa na Kinjala, kwa mwaliko wa Nkomanile, mtawala mwanamke wa Kitanda. Wangoni, waliozoea vita vya uwanjani, walikabiliana na bunduki za rashasha. Baada ya kushindwa Lumecha mwezi Oktoba, waligeukia mapigano ya kuvizia.

Wajerumani nao walibadili mbinu, na hapa ndipo penye msiba mkubwa zaidi. Vijiji vilichomwa, maghala yakateketezwa na wakulima wakazuiwa kupanda. Njaa ilifanya kazi ambayo risasi hazikuimaliza. Wakoloni walikadiria vifo 75,000. Wanahistoria wa baadaye wametaja hadi 300,000. Nkosi Chabruma alivuka Mto Ruvuma, unaopita kusini mwa Nalasi, akaingia katika himaya ya Wareno, ambako aliuawa. Zaidi ya nusu karne baadaye, wakati wa vita vya ukombozi wa Msumbiji vya mwaka 1964 hadi 1974, mto huohuo ulivukwa na wakimbizi kwa upande wa pili, na waliovuka walipokewa na watu ambao babu zao walikuwa wameijua njaa ya vita.

Songea alitiwa mbaroni mapema mwaka 1906. Februari 27 mwaka huo, Nkosi Mputa na wenzake zaidi ya 60 walinyongwa na kuzikwa katika kaburi moja. Masimulizi yaliyohifadhiwa Songea yanaeleza kuwa Wajerumani walitaka kumwacha hai nduna huyo ili awasaidie kutawala, naye akakataa kuishi baada ya wenzake kufa. Alinyongwa siku chache baadaye, akazikwa kando. Masimulizi hayohayo yanasema kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani.

Makaburi hayo mawili yapo leo katika eneo la Makumbusho ya Taifa ya Majimaji, mtaa wa Mahenge mjini Songea, ambako mashujaa hukumbukwa kila mwaka mwezi Februari. Novemba 1, 2023, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika hapo, akakutana na wazao wa Songea na kuomba msamaha kwa yaliyotendwa na Wajerumani. Aliahidi kuwa nchi yake itashirikiana na Tanzania kulitafuta fuvu hilo, ingawa alikiri mbele ya familia kuwa hawezi kuwahakikishia litapatikana. Mabaki ya binadamu yaliyochukuliwa Afrika Mashariki na kuhifadhiwa katika makumbusho ya Ujerumani ni mengi, na mengi kati yake hayana jina.