Alphonse Pénaud

Alphonse Pénaud (Paris, 31 Mei 1850 – Paris, 22 Oktoba 1880) alikuwa mvumbuzi kutoka nchini Ufaransa na mmoja wa waanzilishi wa elimu ya urukaji. Anajulikana hasa kwa kutumia mpira uliosokotwa kuendesha ndege ndogo za mfano, na kwa kuonyesha mwaka 1871 kwamba ndege inaweza kujisawazisha yenyewe hewani bila rubani. Mwaka 1876, pamoja na fundi wake Paul Gauchot, alipata hataza ya ndege kubwa yenye magurudumu ya kukunjwa, kioo cha kumkinga rubani na mpini mmoja wa kuongozea. Ndege hiyo haikujengwa kamwe. Pénaud alifariki akiwa na umri wa miaka 30 tu.

Maisha ya awali

Pénaud alizaliwa katika familia ya wanamaji. Baba yake alikuwa admirali katika jeshi la majini la Ufaransa, na ilitarajiwa kwamba kijana naye angefuata njia hiyo. Lakini ugonjwa wa nyonga uliomwanza mapema ulimfanya atembee kwa magongo, na mlango wa jeshi la majini ukafungwa kwake. Alipokaribia umri wa miaka 20 aligeukia masomo ya urukaji.

Wakati huo watu wengi waliopenda usafiri wa angani walifikiria baluni. Wakati Paris ilipozingirwa na jeshi la Prussia, kuanzia Septemba 1870 hadi Januari 1871, baluni zaidi ya 60 zilitoka mjini zikibeba barua na abiria. Baluni, hata hivyo, huenda upepo unakoipeleka. Pénaud alikuwa miongoni mwa wachache walioamini kwamba chombo kizito kuliko hewa kinaweza kuruka na kuongozwa. Alijiunga na wapenzi wa urukaji mjini Paris na makala zake zilichapishwa katika jarida la L'Aéronaute.

Helikopta ya mpira

Vitu vya kuchezea vinavyopaa kwa kuzungusha rafadha (pangaboi) vilikuwepo kabla ya Pénaud. Mwaka 1784 Wafaransa Launoy na Bienvenu walionyesha kimoja kilichoendeshwa kwa upinde na uzi. Tatizo lilikuwa nguvu: upinde ulichoka haraka, na chemchemi ya chuma ilikuwa nzito mno.

Mwaka 1870 Pénaud alitumia nyuzi za mpira. Anayejua manati anajua kwamba mpira ukivutwa hutunza nguvu na kuirudisha ukiachiwa. Pénaud hakuuvuta bali aliusokota. Mpira uliosokotwa mizunguko mingi hujisokotoa polepole, na wakati huo wote huzungusha rafadha. Helikopta yake ndogo ilikuwa na rafadha mbili, moja juu na nyingine chini, zilizozunguka kwa kupingana ili chombo chenyewe kisizunguke. Ilipaa vizuri, na muundo wake ulikuwa rahisi kiasi kwamba ulitengenezwa kwa wingi na kuuzwa kama kitu cha kuchezea watoto.

Ndege ya mwaka 1871

Tarehe 18 Agosti 1871, Pénaud alionyesha ndege yake ndogo mbele ya wapenzi wa urukaji katika bustani ya Tuileries mjini Paris. Ilikuwa miezi mitatu tu tangu jumba la kifalme lililokuwa kando ya bustani hiyo liteketee kwa moto katika mapigano ya Jumuiya ya Paris. Ndege hiyo, aliyoiita Planophore, ilikuwa na urefu wa takriban sentimita 50, mabawa ya takriban sentimita 45 kutoka ncha hadi ncha, na uzito wa gramu 16 hivi, zikiwemo gramu 5 za mpira. Rafadha yake ilikuwa nyuma. Iliruka takriban mita 40 kwa sekunde 11.

Umbali huo ni mdogo, lakini jambo kubwa lilikuwa namna ilivyoruka. Mashine nyingi za awali zilipinduka au kuchomeka chini kwa pua mara tu zilipoachiwa. Ndege ya Pénaud ilikwenda sawa kwa sababu mbili:

Kwanza, ncha za mabawa zilikunjwa kuelekea juu. Ndege ilipolala upande mmoja, bawa la upande ulioshuka lilipata mwinuo mkubwa zaidi na kuirudisha katika hali yake.

Pili, mkia mdogo wa nyuma uliwekwa kwa pembe pungufu kuliko ya mabawa, na uzito wa ndege ukapangwa mbele kidogo. Pua iliposhuka na mwendo kuongezeka, mkia ulisukumwa chini na pua ikainuka. Pua ilipopanda mno, mkia uliinuliwa na pua ikashuka.

Mwingereza George Cayley alikuwa ameeleza mambo yanayofanana na haya mapema katika karne ya 19, lakini kazi yake ilikuwa karibu imesahauliwa. Pénaud aliyaonyesha hadharani kwa chombo kilichojiendesha chenyewe, kisha akayaandikia maelezo ya kinadharia. Mpangilio huo wa mabawa mbele na mkia mdogo nyuma ndio unaotumika katika ndege nyingi za abiria hadi leo.

Pénaud alitengeneza pia ndege ya mfano iliyopiga mabawa kama ndege hai, nayo iliendeshwa kwa mpira. Mwaka 1875 Akademia ya Sayansi ya Ufaransa ilimtunuku kwa kazi zake za urukaji.

Hataza ya mwaka 1876

Baada ya kufaulu kwa vyombo vidogo, Pénaud alitaka kujenga ndege ya kubeba watu. Akishirikiana na Paul Gauchot, alichora ndege ya watu wawili na kuiombea hataza mwezi Februari 1876. Michoro yake ilikuwa na mambo mengi ambayo yalikuja kuonekana ya kawaida miaka 50 au 60 baadaye:

- bawa moja kubwa lenye umbo la duaradufu, ncha zake zikiwa zimeinuliwa kidogo;
- rafadha mbili mbele, zikizunguka kwa kupingana;
- bapa za mkia za kupandisha na kushusha pua, pamoja na usukani wa kugeuza kushoto na kulia, vyote vikiongozwa kwa mpini mmoja;
- kuba ya kioo ya kumkinga rubani dhidi ya upepo;
- vifaa vya kupimia mbele ya rubani;
- mwili wenye umbo la mashua, ili ndege iweze kutua majini;
- magurudumu yanayokunjwa ndani ya mwili baada ya kupaa.

Pénaud alikadiria kwamba ndege hiyo, pamoja na watu wawili, ingekuwa na uzito wa takriban kilogramu 1,200, na ingehitaji injini ya nguvu farasi 20 hadi 30 ili kwenda karibu kilomita 100 kwa saa.

Magurudumu ya kukunjwa

Sehemu ya hataza inayostaajabisha zaidi ni ile ya magurudumu. Mwaka 1876 hakuna binadamu aliyekuwa amepaa kwa ndege yenye injini na kuiongoza, lakini Pénaud alikuwa tayari amefikiria shida ya kutua na shida ya upinzani wa hewa.

Gurudumu linalohitajika ardhini huwa mzigo angani. Mguu wake na tairi lake huzuia hewa, na kadiri mwendo unavyoongezeka ndivyo kizuizi hicho kinavyozidi: mwendo ukiongezeka mara mbili, ukinzani wa hewa huongezeka takriban mara nne. Suluhisho la Pénaud lilikuwa kuyaficha magurudumu ndani ya mwili. Pia alijua kwamba chombo chenye uzito wa zaidi ya tani moja hakiwezi kugusa ardhi bila mshtuko. Kwa hiyo aliipa miguu ya ndege vifyonza mshtuko vya hewa iliyogandamizwa, vinavyofanya kazi inayofanana na ya shokapu za gari.

Ndege ya ndugu Wright iliyoruka mwaka 1903 haikuwa na magurudumu kabisa. Iliondokea kwenye reli ya mbao na kutua kwa miguu iliyofanana na ya sleji. Magurudumu ya kukunjwa yalianza kuonekana kwenye ndege za mashindano kama Dayton-Wright RB-1 ya mwaka 1920, na yakaenea katika ndege za abiria kupitia Boeing 247 na Douglas DC-3 katika miaka ya 1930.

Miaka ya mwisho na kifo

Ili kujenga ndege, Pénaud alihitaji fedha nyingi na injini nyepesi. Alikosa vyote viwili. Injini za mvuke zilikuwa nzito mno kwa nguvu zilizotoa. Mwaka huohuo wa 1876, Mjerumani Nicolaus Otto alifaulu kutengeneza injini ya mipigo minne, lakini ilikuwa mashine kubwa ya kufungwa kiwandani, na ilipita miaka mingi kabla ya aina hiyo kuwa nyepesi vya kutosha kubebwa na ndege.

Pénaud alitafuta wafadhili bila kufanikiwa. Michoro yake ilidhihakiwa na baadhi ya watu, na afya yake iliendelea kudhoofika. Hatimaye alimwendea Henri Giffard, mhandisi tajiri aliyekuwa amerusha baluni ya kwanza yenye injini ya mvuke mwaka 1852. Giffard naye hakumpa msaada aliouomba.

Mwezi Oktoba 1880 Pénaud aliweka michoro yake yote katika sanduku dogo lenye umbo la jeneza na kulipeleka nyumbani kwa Giffard. Muda mfupi baadaye alijiua. Giffard mwenyewe, aliyekuwa akipoteza uwezo wa kuona, alijiua mwaka 1882.

Urithi

Ndugu Wright

Mwaka 1878 Milton Wright, askofu wa kanisa la United Brethren nchini Marekani, aliwaletea wanawe wadogo helikopta ya kuchezea iliyoigwa kutoka muundo wa Pénaud. Ilitengenezwa kwa mianzi, kizibo na karatasi, na kuendeshwa kwa mpira. Wilbur alikuwa na umri wa miaka 11 na Orville 7. Walicheza nayo hadi ikavunjika, kisha wakajaribu kutengeneza nyingine kubwa zaidi, lakini kila walipoongeza ukubwa ilishindwa kuruka vizuri. Baadaye walielewa sababu: mashine yenye vipimo mara mbili huhitaji nguvu mara nane. Katika utu uzima waliitaja helikopta hiyo kuwa chanzo cha hamu yao ya kuruka.

Orville alizaliwa tarehe 19 Agosti 1871, siku moja baada ya ndege ya Pénaud kuruka katika bustani ya Tuileries. Safari ya kwanza ya Orville, tarehe 17 Desemba 1903, ilidumu sekunde 12 na kufika mita 36 hivi, karibu sawa na ile ya ndege ndogo ya mpira.

Mmarekani Samuel Langley naye alianza majaribio yake kwa ndege ndogo za mpira zilizofuata mfano wa Pénaud, kabla ya kurusha ndege ya mvuke isiyo na rubani mwaka 1896.

Ndege za mfano

Ndege za mfano zinazoendeshwa kwa mpira bado hutumika shuleni na katika mashindano duniani kote. Kwa upande mwingine kuna ndege za mfano za jeti zinazoongozwa kwa redio. Nyingi kati yake zina magurudumu ya kukunjwa, na yale yanayosukumwa kwa hewa iliyogandamizwa hutumia tangi dogo linalojazwa kwa pampu kabla ya kuruka; mengine hutumia mota za umeme. Miguu yake mara nyingi huwa na springi za kupunguza mshtuko.

Kufunga magurudumu hayo kunategemea kanuni ileile ya mizani ambayo Pénaud aliifanyia kazi. Katika ndege yenye gurudumu la mbele, magurudumu makuu huwekwa nyuma kidogo ya kitovu cha uzito. Yakiwa mbele ya kitovu hicho, ndege hukalia mkia. Yakiwa nyuma mno, pua hukataa kuinuka wakati wa kupaa. Magurudumu ya kushoto na kulia lazima pia yaelekee sawasawa, la sivyo ndege huvutwa upande mmoja inapokimbia ardhini. Mfumo wa hewa nao hukaguliwa kabla ya kila safari, kwa kuwa hewa ikivuja magurudumu yanaweza kukwama ndani wakati wa kutua.

Ndege ya Pénaud ya mwaka 1871 haikuwa na gurudumu hata moja. Ilirushwa kwa mkono, na mpira ulipokwisha kujisokotoa, ilishuka taratibu hadi chini.