Torbern Bergman

Torbern Olof Bergman (20 Machi 1735 – 8 Julai 1784) alikuwa mwanakemia na mtaalamu wa madini kutoka nchi ya Uswidi. Jina lake limehifadhiwa katika torbeniti, madini nururifu ya rangi ya kijani yenye urani, ingawa yeye mwenyewe hakuwahi kuifahamu urani.

Maisha

Bergman alizaliwa Katrineberg, Västergötland. Mwaka 1752 alijiunga na Chuo Kikuu cha Uppsala. Familia yake ilitaka asome sheria au teolojia, lakini yeye alipenda hisabati na sayansi. Alisoma kupita kiasi hata afya yake ikadhoofika, akalazimika kurudi nyumbani kupumzika. Huko alikusanya mimea na wadudu.

Mwaka 1767 aliteuliwa kuwa profesa wa kemia. Wapinzani walidai kwamba hakuwa na uzoefu wa somo hilo. Aliwajibu kwa kuandika juu ya utengenezaji wa shabu.

Kazi

Mwaka 1775 alitoa majedwali yanayoonyesha jinsi dutu mbalimbali zinavyovutana na kuungana. Aliboresha pia njia za kupima madini ili kujua yameundwa na nini, na alimsaidia mwanakemia Carl Wilhelm Scheele kujulikana. Alifariki Medevi akiwa na umri wa miaka 49.

Torbeniti

Miaka 5 baada ya kifo chake, Mjerumani Martin Heinrich Klaproth aligundua urani. Mwaka 1793 madini ya kijani yaliyokuwa yakiitwa kalkoliti yalipewa jina la Bergman.

Torbeniti ni fosfati ya shaba na urani yenye maji ndani yake. Fuwele zake ni vibamba vyembamba vya mraba, laini kiasi cha kukwaruzika kwa ukucha au sarafu. Hutokea karibu na uso wa ardhi, pale ambapo maji na hewa vimeozesha mawe yenye urani na shaba. Hupatikana Ujerumani, Cornwall nchini Uingereza, na Musonoi katika eneo la Katanga, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kwa kuwa hutoa gesi ya radoni, hayafai kuwekwa katika chumba kisichopitisha hewa.

Mwaka 1898 Marie Curie aliona kwamba kalkoliti ya asili ina unururifu mkubwa kuliko urani tupu. Alipoitengeneza maabarani kwa dutu safi, unururifu wake ulikuwa mdogo. Tofauti hiyo ilimwonyesha kwamba ndani ya mawe ya asili mlikuwa na elementi nyingine isiyojulikana. Mwaka huohuo poloni na radi ziligunduliwa.