Jon Postel, jamaa aliyeandika kanuni za barua pepe

Wanachuo wenzangu, kikasha chetu cha barua pepe tunakifungulia kwenye ukurasa wa wavuti uliotengenezwa na vijana wa TEHAMA hapahapa chuoni. Rangi zake, Mungu anajua. Lakini barua ya Gmail inaingia, ya mfadhili kutoka Ujerumani nayo inaingia. Wa kumshukuru ni Mmarekani mmoja mwenye ndevu ndefu, mpenda makubazi, Jon Postel.

Alizaliwa California mwaka 1943. Oktoba 1969, kompyuta ya UCLA ilipowasiliana kwa mara ya kwanza na ile ya Taasisi ya Utafiti ya Stanford, yeye alikuwa mwanafunzi tu katika maabara hiyo ya UCLA. Udaktari aliupata baadaye, 1974. Mwaka huohuo wa 1969 ulianza mfululizo wa nyaraka ziitwazo RFC, zenye kanuni za mtandao, na Postel akawa mhariri wake mpaka anakufa. Ni bure, yeyote anasoma.

Agosti 1982 aliandika mwenyewe namba 821, yaani SMTP. Ukiisoma utacheka, ni kama watu wanaobisha hodi. Mashine moja inajitambulisha, inamtaja mtumaji, inamtaja mpokeaji, halafu inatoa maandishi. Ya pili inajibu kwa namba: 250 ni sawa, 550 mara nyingi ni kwamba mtu huyo hayupo. Ndiyo ile 550 unayoikuta kwenye barua iliyorudi ulipokosea herufi moja ya anwani ya mhadhiri. Ukurasa wa kusomea ni mlango tu, kila chuo kinaweza kuchonga wa kwake, mradi kule nyuma kanuni ni moja.

Aliamini pia kwamba programu iwe makini sana katika inachotuma na mvumilivu kwa inachopokea. Sisi wa elimu tunaipenda hiyo. Ila uvumilivu wake ulipitiliza: kanuni ya 1982 haikuhakiki kama mtumaji ndiye kweli, na matapeli wanaojifanya ofisi ya mikopo wanaponea hapo hadi leo, ingawa kinga zimeongezwa.

Postel ndiye pia aliyesimamia ugawaji wa majina ya nchi mtandaoni. .ke ilitoka 1993, .tz 1995. Mamlaka yote hayo mkononi mwa mtu mmoja! Januari 1998 aliwaandikia barua pepe waendeshaji wa seva kuu nane waifuate kompyuta yake badala ya ile ya kampuni yenye mkataba na serikali. Wakamtii. Serikali ya Marekani ikaja juu, na baada ya siku chache akarudisha kila kitu, akisema lilikuwa jaribio. Mimi naona alikuwa anawaonyesha kitu.

Alifariki Los Angeles tarehe 16 Oktoba 1998, baada ya upasuaji wa moyo, akiwa na miaka 55. Rafiki yake Vint Cerf, waliyesoma naye sekondari moja, aliandika tanzia, nayo ikatolewa kama RFC, namba 2468.