Shaaban Robert na Nchi Inayoning'inia Hewani

Kila nimkumbukapo marehemu Sheikh Shaaban Robert, moyo wangu hauendi Tanga alikozaliwa. Huenda Litein, mji mdogo wa milima ya chai ulio kwenye barabara itokayo Kericho kwenda Sotik. Msomaji atashangaa, maana marehemu alikuwa mtu wa pwani kama sisi, wa minazi na bahari. Lakini ni huko Litein, nilikokwenda kufundisha Kiswahili nikiwa kijana, ndiko nilikojifunza kumsoma.

Kabla ya hapo nilidhani namjua. Sisi watu wa pwani tuna kasoro hiyo. Kwa kuwa lugha yake ni yetu na dini yake ni yetu, twadhani vitabu vyake navyo ni vyetu peke yetu.

Shaaban Robert alizaliwa Januari 1, 1909, katika kijiji cha Vibambani, Machui, karibu na Tanga. Alisoma Dar es Salaam kuanzia 1922 hadi 1926, kisha akaingia kazi ya ukarani serikalini. Alitumikia idara ya forodha mpaka 1944, Pangani na kwingineko. Baadaye alihamishwa bara, Mpwapwa, katika idara ya wanyama. Mwaka 1946 alirudi Tanga, akafanya kazi katika ofisi ya mkuu wa wilaya, na tangu 1952 hadi 1960 katika ofisi ya upimaji ardhi. Ndiyo kusema maisha yake yote ya kazi alikuwa karani wa serikali ya kikoloni, na vitabu alikuwa akiviandika pembeni mwa kazi hiyo.

Forodhani hakipiti chombo bila ya kuulizwa kimetoka bandari gani na kimepakia nini. Mimi huamini kwamba kazi ile ilimfunza jambo katika utungaji. Hadithi nayo ni shehena, na haiwezi kufika bila ya kujulikana imepakiwa wapi.

Tazama alivyofanya katika Adili na Nduguze, kitabu kilichotoka 1952. Wenye kuijua Alfu Lela Ulela wataikumbuka hadithi ya mtawala wa Basra aliyekuwa na ndugu wawili waliogeuzwa mbwa, akilazimishwa kuwapiga kila usiku. Shaaban Robert aliichukua hadithi hiyo akaihamisha. Basra ikawa Janibu, Khalifa Harun al-Rashid akawa Mfalme Rai, na wale mbwa wakawa manyani. Lakini bahari hakuigusa. Ndugu wale wawili, kwa husuda, humtosa Adili baharini, na jini ndiye amwokoaye.

Nilipoisomesha hadithi hii Litein, ilinishinda. Wanafunzi wangu walikuwa watoto wa Wakipsigis, wakulima wa chai. Asubuhi walisaidia kuchuma majani kabla ya kuja darasani, na mchana mvua ilinyesha karibu kila siku. Wengi wao hawajapata kuiona bahari. Nikafikiri nitawasaidia nikiihamisha hadithi, kama alivyofanya mtungaji mwenyewe. Nikamtosa Adili mtoni, bondeni chini ya mashamba ya chai. Darasa zima likacheka. Mtoni, walisema, mtu angeonekana kabla ya jua kuchwa, na wachota maji wangepiga ukelele. Hapo hadithi ilikufa mikononi mwangu. Bila ya bahari hapana siri, na bila ya siri hao ndugu hawana uovu wa kutenda.

Kijana mmoja akanieleza wazi kwamba vitabu hivi ni vya watu wa baharini, wao wana Chemosit wao, zimwi wa msituni, na hadithi zake zawatosha. Nilikasirika. Nilimjibu kwamba asiyeijua bahari hatakijua Kiswahili. Hata leo jibu lile linanionea haya. Juma zima darasa lile lilinyamaza, na nilijua nimewafukuza katika lugha ambayo mtungaji aliwaandikia na wao.

Juma lililofuata nikachukua Kusadikika, kitabu cha 1951, kwa kuwa ndicho kilichobaki kabatini. Kusadikika ni nchi inayoning'inia hewani. Karama ashitakiwa kwa kufundisha elimu ya sheria, na katika kujitetea awataja wajumbe sita waliotumwa sehemu mbalimbali kutafuta manufaa ya nchi, wakarudi na mema, wakalipwa kifungo. Niliwauliza wanafunzi kwa nini wajumbe walikuwa sita. Msichana mmoja aliyekuwa hasemi kamwe akainua mkono. Alisema kwamba nchi iliyo juu ya ardhi ina pande nne, lakini iliyo hewani ina pande sita, kwa kuwa ina juu yake na ina chini yake pia. Na kweli, mjumbe mmoja hutumwa mbinguni na mwingine ardhini.

Miaka mingi nilikuwa nimekisoma kitabu kile, wala jambo hilo sikuliona. Mahali ndipo palipozaa matukio. Ungeishusha Kusadikika chini, ungepoteza safari mbili.

Kisha msichana yule akaongeza kwamba nchi hiyo yeye anaijua. Asubuhi ukungu ukijaa mabondeni, vilele vya Litein hubaki peke yake vikielea juu ya weupe, hapana barabara wala mto. Nikatoka nje kesho yake alfajiri baada ya kuswali, nikaona ni kweli.

Ndipo nilipomfahamu karani yule wa Tanga. Chini ya serikali ya kigeni, mtumishi wake angewezaje kuandika juu ya mahakama zisizo haki na wakubwa wasioambilika, akautaja mji kwa jina? Aliipandisha nchi yake hewani, na kwa kufanya hivyo akampa kila mtu anayeonewa nafasi ya kuiita yake, awe wa Pangani au wa Litein.

Hakukaa hewani daima. Katika Utubora Mkulima, kilichochapishwa 1968, mtu huacha kazi ya ofisi akashika jembe. Kitabu hicho wanafunzi wangu hawakuhitaji kufafanuliwa.

Shaaban Robert alifariki Juni 1962, akiwa na umri wa miaka 53, miezi michache tu baada ya Tanganyika kupata uhuru Desemba 1961. Kijana niliyemjibu vibaya nilimwomba radhi mbele ya wenzake, naye akanipa mkono. Marehemu sikupata kumwona, lakini deni lake ninalo. Mwenyezi Mungu amlaze mahali pema. Amin.