Thabit bin Qurra na Namba Marafiki

Mtoto wa Migori au Homa Bay agawapo kete za ajua, bao la Wajaluo, asiambiwe anapoteza wakati. Kwa kugawa namba, Thabit bin Qurra alipata jina.

Alizaliwa Harran katika karne ya 9, akawa mvunja fedha, kisha akachukuliwa Baghdad na Muhammad bin Musa. Alikuwa Msabii, si Mwislamu, lakini mlango wa elimu haukufungwa mbele yake.

Wayunani walijua namba mbili marafiki: 220 na 284. Jumlisha vigawo vya 220, isipokuwa yenyewe, upate 284. Vya 284 vitakurudisha 220. Thabit akatoa kanuni ya kutafuta marafiki wengine, akaithibitisha. Alifariki mwaka 901.

Msomaji, shika kalamu ujaribu.