Mary Anning: Manzi aliyeuza mawe ya baharini, masonko wakala sifa

Kama unadhani msoto ulianza na kizazi chako, hebu cheki maisha ya huyu manzi.

Mary Anning alizaliwa 1799 huko Lyme Regis, mji mdogo wa pwani ya kusini mwa Uingereza. Akiwa mtoto wa mwaka mmoja na ushee, radi iliwaua wanawake watatu waliojificha chini ya mti, mmoja wao akiwa amembeba. Yeye akapona.

Fathee wake, fundi wa mbao, aliaga 1810 akaacha madeni. Mary alikuwa na miaka 11 tu. Doo ingetoka wapi? Ufuoni! Majabali ya huko yamejaa amonaiti, jamaa wa kale wa pweza na ngisi walioishi ndani ya makombe yaliyojizungusha kama konokono. Walipotea duniani miaka milioni 66 iliyopita, wakati mmoja na dainosari. Makombe yao yaligeuka mawe, na watalii waliyapenda vibaya sana. Mary akawauzia.

Usidhani ni kuokota kokoto. Mawe poa yalijitokeza dhoruba ikibomoa jabali, na lazima uyawahi kabla bahari iyabebe. 1833 maporomoko yalimuua mbwa wake Tray, Mary akiponea chupuchupu.

Na huyu msee hakuishia kwa makombe. Kaka yake Joseph alipopata fuvu la ikthiosaria, Mary ndiye aliyepata mwili uliobaki, akiwa na miaka 12. Familia ikalipwa pauni 23. 1823 akachimbua plesiosaria kamili ya kwanza. Halafu ndani ya belemnaiti, binamu wa amonaiti, akakuta kifuko cha wino uliokauka. Beste yake Elizabeth Philpot akautia maji, akachorea picha. Wino wa mamilioni ya miaka!

Sasa noma iko hapa. Masonko wasomi walinunua mali yake, wakaandika na kuhutubu, jina lake wakaliruka. Chama cha wanajiolojia cha London hakikukubali wanawake kuwa wanachama mpaka 1919. Mary alikuwa ameshafariki 1847 kwa saratani ya matiti, akiwa na miaka 47.

Sanamu yake ilisimamishwa Lyme Regis 2022. Amebeba nyundo, Tray yuko kando yake, na mkononi ameshika amonaiti, lile jiwe lililowalisha kwao.

Kwa hivyo wewe unayechapa kazi na mwingine anapigiwa makofi, andika jina lako juu yake mapema. Mary alingoja miaka 175.