FLORENCE NIGHTINGALE: ZAIDI YA TAA

Wahenga walinena kuwa kinga ni bora kuliko tiba. Methali hii sote twaikariri darasani, lakini yuko bibi mmoja aliyeifanya kuwa kazi ya maisha yake. Bibi huyo ni Florence Nightingale. Wengi wetu twamjua kwa ile picha ya mama mwenye taa akizunguka wodini usiku. Picha hiyo ni ya kweli, ila taa peke yake haikuwaokoa wale askari. Soma uone.

Alizaliwa tarehe 12 Mei 1820 mjini Florence, Italia, na ndiko jina lake lilikotoka. Wazazi wake walikuwa Waingereza matajiri. Baba yake alimfundisha nyumbani Kilatini, Kigiriki na historia, naye akapenda mno hisabati. Alipotangaza kuwa anataka kuuguza wagonjwa, nyumba iliwaka moto! Mama na dada yake hawakutaka kusikia, maana wauguzi wa siku zile walidharauliwa na kuitwa walevi. Florence hakutetereka. Mwaka 1851 alikwenda kujifunza kazi hiyo Kaiserswerth, Ujerumani, na mwaka 1853 akawa msimamizi wa hospitali ndogo ya wanawake London.

Mwaka 1854 Uingereza, Ufaransa na Uturuki zilikuwa zikipigana na Urusi katika Vita vya Krimea. Magazeti yalifichua jinsi askari walivyoteseka, na waziri Sidney Herbert akamwomba Florence aende. Novemba mwaka huo alifika Scutari, sehemu ya jiji la Istanbul la leo, akiwa na wanawake 38. Lo! Wagonjwa walilala sakafuni, panya na chawa tele, sabuni hakuna, taulo hakuna. Baadhi ya madaktari hawakuwataka, basi akawaamuru wauguzi wake wangoje mpaka waitwe. Hawakungoja sana, kwani majeruhi walimiminika. Akanunua brashi za kusugulia, mashati na vyombo vya jikoni. Muuguzi aliyelewa alirudishwa kwao.

Hata hivyo vifo havikupungua. Februari 1855, wagonjwa 42 hivi kati ya kila 100 waliotibiwa walifariki. Kumbe adui alikuwa chini ya sakafu: mitaro ya maji machafu iliyoziba! Machi tume ya usafi ilifika kutoka Uingereza. Mitaro ikazibuliwa, mizoga ikaondolewa, hewa ikapata njia. Kufikia Juni, waliokufa walikuwa 2 hivi kati ya 100.

Aliporudi kwao mwaka 1856 hakukaa kitako kufurahia sifa. Aliketi na mtaalamu wa takwimu, William Farr, wakahesabu. Hesabu zikamwonyesha jambo chungu: wengi waliuawa na maradhi yaliyoweza kuzuiwa, wala si risasi, na hospitali aliyoifanyia kazi usiku na mchana ilikuwa miongoni mwa zilizoua sana. Mwingine angalinyamaza. Yeye alishikilia ukweli usemwe, akachora michoro ya rangi ili hata asiyependa hesabu aelewe.

Tangu hapo alipigania mambo matatu. La kwanza ni usalama. Katika kitabu chake cha mwaka 1859 kuhusu hospitali, alisisitiza kuwa sharti la kwanza la hospitali ni kutomdhuru mgonjwa. La pili ni wafanyakazi. Mwaka 1860 shule ya wauguzi ilifunguliwa kwa jina lake katika hospitali ya St Thomas', London, na mwaka 1865 wauguzi waliofunzwa walianza kuwahudumia maskini wa Liverpool. La tatu ni ubora. Alipendekeza hospitali zote zijaze fomu za aina moja, ili ijulikane wapi wagonjwa wanapona na wapi wanakufa. Mengi ya hayo aliyafanya akiwa mgonjwa chumbani mwake.

Alifariki tarehe 13 Agosti 1910 akiwa na umri wa miaka 90. Siku yake ya kuzaliwa ndiyo Siku ya Wauguzi Duniani, nasi Kenya huiadhimisha.

Wanafunzi wenzangu, huruma ni jambo jema, lakini huruma isiyokagua mitaro wala kuhesabu vifo yaweza kumzika mgonjwa huku ikimlilia. Na wewe unayetoroka kipindi cha hisabati ukisema utakuwa muuguzi tu, umesikia?